Tende nilizoahidi

Ninafundisha watoto wa miaka 4 hadi 6 katika madrasa moja hapa Majengo, Pumwani, jijini Nairobi. Mwaka wa kwanza nilijiona hodari. Watoto 22 mkekani, wanasoma Juzuu Amma, juzuu ya mwisho ya Qur'ani, kuanzia sura ya An-Nas wakirudi nyuma, na ukiuliza "Muislamu husema nini?" wanajibu "Ukweli!" mtaa mzima ukasikia. Lakini raba na penseli zilipotea kila siku, na kila niliyemuuliza alisema si yeye.

Alasiri moja mvua ilipiga bati wakapandwa na wazimu. Nikawaambia, "Mkinyamaza, kesho nawaletea tende." Wakanyamaza. Nami nikasahau.

Kesho yake binti mmoja mwenye pengo akaniuliza, "Mwalimu, na zile tende?" Nikamwambia nitaleta. Siku ya tatu akauliza tena. Siku ya nne hakuuliza, na hapo ndipo iliponiuma.

Katika Sunan Abi Dawud, kitabu cha hadithi za Mtume, kuna hadithi ya Abdullah bin Amir. Alikuwa mtoto, mama yake akamwita, "Njoo nikupe." Mtume (s.a.w.) akamuuliza mama alitaka kumpa nini. Akasema tende. Mtume akamwambia kwamba lau asingempa kitu, angeandikiwa uongo. Hadithi hii nilikuwa naijua kwa Kiarabu chake!

Asubuhi nikapitia Eastleigh, nikanunua nusu kilo. Nikaketi nao mkekani nikasema, "Niliwaambia uongo. Nisameheni." Nilidhani watacheka. Mmoja akaniuliza, "Na wewe utaandikiwa?" Nikamwambia ndiyo maana naomba msamaha. Kila mmoja akapata tende mbili.

Siku ile hakuna aliyetaja raba. Baada ya wiki mbili hivi, kijana mmoja aliweka raba mezani, akasema, "Hii si yangu," akakimbilia viatu vyake. Nikaitia koponi, basi. Wapo walimu ambao wangemwita mbele apigiwe makofi. Mimi naona makofi humzoesha mtoto kusema kweli palipo na watazamaji tu.

Wazazi ndio kazi ngumu zaidi. Tunajenga alasiri, jioni mtoto anatumwa mlangoni: "Mwambie mwenye nyumba sipo."

Siku hizi naahidi kidogo, na kile ninachoahidi nakiandika ubaoni. Hata hivyo, nikisema "kesho", yule binti wa pengo hunikazia macho: "Kesho gani, mwalimu?"