Kukimbia ugenini: hesabu taa kabla ya kilomita

Jumapili, usiku

Mgeni anayetaka kukimbia jijini huanza na swali la kilomita ngapi. Si swali baya, ila limewahi mno. Kinachoharibu mbio za jijini ni kusimamasimama. Chukua njia yenye makutano 12: kila taa ikikuzuia sekunde 40, umesimama dakika 8 nzima. Mwili unapoa, miguu inakaza, na mapigo ya moyo uliyoyapandisha kwa jasho yanashuka kabla hujavuka. Kwa hiyo jioni ya kuamkia mbio, ramani ninaisoma nikitafuta kitu kimoja tu: wapi magari hayawezi kunikata njia?

Mara nyingi ni kando ya maji. Ukifuata ukingo wa mto, ziwa au bahari, upande mmoja hakuna barabara inayoingia, na hiyo ni nusu ya makutano imeondoka. Chicago ina njia ya kando ya Ziwa Michigan, karibu kilomita 30, na wenye baiskeli wametengewa njia yao. Mto wenye madaraja mengi naupenda zaidi. Unapanda na ukingo huu, unavuka daraja, unashuka na ukingo wa pili. Hakuna kona ya kukariri. Umechoka? Daraja la karibu linakurudisha.

Lakini rangi ya buluu kwenye ramani isikuhadae. Fungua picha ya setilaiti uikuze hadi uione njia yenyewe, kwa maana huenda ukingo umezibwa na bandari, maghala au uzio. Regent's Canal ya London inafundisha vizuri. Njia iliyo kando ya mfereji ule ni tambarare na haina taa, ila ukifika Islington maji yanaingia kwenye handaki la mita 878 lisilo na njia ya miguu. Asiyejua hujikuta ametazamana na ukuta. Inambidi apande mitaani na kuutafuta mdomo wa pili wa handaki. Chini ya madaraja ya zamani njia hubana, na baiskeli hutokeza upande wa pili bila kuonekana. Hapo vipokea sauti vitoke masikioni.

Baada ya maji, bustani kubwa. Mzunguko wa Central Park, New York, unakaribia kilomita 10, na magari yaliondolewa mle mwaka 2018. Ule wa kuzunguka Kasri la Kifalme la Tokyo ni kilomita 5 bila taa hata moja, na wakimbiaji huuzunguka kinyume cha mshale wa saa. Mgeni naye afuate mkondo huo, asipishane na watu uso kwa uso. Tatizo la bustani ni malango. Nyingine hufungwa jua linapozama, na saa zenyewe hubadilika kwa msimu. Soma saa za leo, na ujue lango la kutokea ni lipi.

Uwanja wa riadha ukiwa wazi kwa umma, shukuru. Njia ya ndani kabisa ni mita 400, lakini huachiwa wenye kasi. Ukikimbia ya nane, mzunguko mmoja ni kama mita 453, basi usihesabu mizunguko 12 na nusu ukadhani umekimbia kilomita 5 kamili. Umepitiliza kwa zaidi ya nusu kilomita.

Saa ya mkononi nayo haiaminiki katikati ya maghorofa. Mawimbi ya GPS hugonga kuta za vioo kabla ya kuifikia, nayo hukuchora ukipita ndani ya majengo na kukupa kasi ya bingwa wa dunia. Heri kukimbia kwa dakika: 20 kwenda, 20 kurudi. Kukiwa na upepo, anza kwa kuukabili. Ukiuacha kwa mwisho utakukuta umelowa jasho na umechoka. Na jiji likiwa juu sana, kama Mexico City iliyo mita 2,240 kutoka usawa wa bahari, kasi yako ya kawaida itakutoa pumzi mapema. Siku za mwanzo punguza bila aibu.

Ukiuliza kwenye mapokezi ya hoteli, usiulize “pazuri pa kukimbia ni wapi?” Utaelekezwa penye mandhari ya kupiga picha. Uliza wenyeji wanakimbilia wapi saa kumi na mbili asubuhi.

Jambo la mwisho nalihofia kuliko umbali wote. Anayetoka Marekani au Ufaransa, magari hupita kulia. Akifika Uingereza au Japani, hupita kushoto. Akili inajua, ila shingo haijui: ukingoni mwa barabara kichwa hugeuka upande uliozoeleka, na gari linatoka upande wa pili. Simama, tazama pande zote mbili, hata kama barabara ni ya kwenda upande mmoja. Reli za tramu nazo zivuke kwa kuzikata moja kwa moja, usizifuate kwa mshazari. Zikilowa huteleza, na mfereji wake unatosha kumeza ncha ya raba.