Siku moja ya mpakiaji wa kontena, Nairobi

Saa 11:40 alfajiri. Simu inaniamsha kabla ya jogoo. Mfumo wa malipo wa mteja wetu unawakubali baadhi ya wanunuzi na kuwakataa wengine. Naondoka Umoja bila chai.

Saa 2 asubuhi, Ngong Road. Kontena zetu ni programu iliyofungashwa pamoja na kila inachohitaji. Kifurushi chenyewe, yaani imeji, hukaa kwenye rejista, ghala letu la mtandaoni: mmoja anasukuma, wengine wanavuta. Seva 3 za mteja zote zinadai zinaendesha imeji yenye lebo "latest". Naangalia dijesti, ile alama ya sha256 yenye herufi na tarakimu 64, inayokokotolewa kutokana na yaliyomo. Mbili zinaanza na 9f3c. Ya tatu, 41be. Lebo moja, mizigo miwili!

Lebo hiyo naichukia. Watu hudhani inahakikisha toleo jipya, kumbe ni jina tu linalobandikwa usipotaja jingine. Usiku mtu alisukuma imeji mpya kwa lebo ileile, seva ya tatu ikajiwasha upya, ikaivuta.

Saa 3:15. Kijana wetu wa mafunzo ananijia polepole. "Samahani mkubwa, ni mimi. Nilikuwa najaribu tu."

Nitamgombeza vipi? Ruhusa ya kusukuma nilimpa mimi, kwa uvivu. Namwachia ya kuvuta tu, nazuia lebo zisiandikwe juu ya nyingine, kisha naandika dijesti ya zamani kwenye mipangilio ya seva zote. Imeji ya zamani haikupotea, ilipoteza jina tu. Bahati yetu, usafishaji wa imeji zisizo na lebo hufanyika Jumapili.

Saa 7 mchana. Chapati madondo.

Saa 9. Tunaifungua imeji ya kijana: GB 1.1, vifaa vyote vya kujengea vimo ndani! Tunajenga kwa hatua mbili, vifaa vinabaki hatua ya kwanza. Inashuka hadi MB 84. Anarekebisha mstari mmoja, anasukuma tena kwenye rejista ya majaribio. Imeji ni matabaka yaliyopangwa, na tabaka baada ya tabaka, rejista inajibu kwamba tayari inalo. Linapanda moja tu, la MB 6. Anayetumia bando za simu anaijua raha hiyo.

Saa 1 usiku, Umoja. Mzee jirani, ambaye tangu nimwambie nafanya kazi ya kontena anaamini niko bandari kavu ya Embakasi, ananisubiri langoni.

"Leo zimefika salama?"

"Moja ilibandikwa lebo ya nyingine, mzee."

"Wezi hao!"