Mota imeungua, sawa, lakini imeunguaje?

Mota ikiungua kazini kwetu safari yake ni ileile, inafunguliwa, inapakiwa kwenye pikapu, inapelekwa mtaa wa Ngamiani kwa mafundi wa kusuka, wale wanaotoa waya ulioungua na kuzungushia koili mpya, baada ya siku mbili tatu inarudi inanukia vanishi mpya, inafungwa, inawashwa, kazi inaendelea. Halafu mtu anaingia kwenye sistimu ya matengenezo anaandika "mota imeungua, imesukwa, imefungwa, oke" anafunga oda ya kazi. Kwenye kisanduku cha chanzo anachagua "uchakavu", au anachagua "nyingine" maana ndiyo iko juu kabisa ya orodha. Mimi napanga matengenezo kwenye kiwanda cha mkonge huku Tanga na nakwambia hiki kisanduku cha chanzo kinaniuma kuliko brekidauni yenyewe. Ni kama zile taarifa za moto za kwenye redio, nyumba imeteketea, chanzo ni hitilafu ya umeme, habari imeisha. Hitilafu gani, ilianzia wapi, hakuna anayeuliza.

Na ile mota ilikuwa na majibu yote ndani yake. Kabla fundi hajakata waya wa zamani zile koili zinakuonyesha kabisa nini kimeziua. Mota ya fezi tatu, yaani inayolishwa na nyaya tatu za umeme, iliyofungwa delta (koili zimeunganishwa kama pembetatu) ikipoteza fezi moja, unakuta koili za fezi moja zimekuwa nyeusi tii na za fezi mbili zilizobaki zina rangi yake nzuri tu. Kama imefungwa sta (koili zimekutana katikati kama nyota) ni kinyume chake, fezi mbili zimeungua moja imebaki nzima. Zikiwa nyeusi zote sawasawa kuzunguka stata nzima, ile sehemu isiyozunguka yenye koili, hapo tafuta mzigo uliozidi, au voltiji iliyoshuka, au feni ya kupoza iliyozibwa na vumbi la mkonge. Na kukiwa na doa moja tu limelipuka na kwingine kusafi, hapo insulesheni imetoboka sehemu moja, na kwenye kiwanda kinachomwaga maji kutwa nzima kama chetu mimi maji nayashuku kwanza kabla ya kitu kingine.

Sasa kupotea kwa fezi hakutokani na mota. Ni fyuzi moja imekatika, au kontakta, swichi inayowasha mota, imeliwa mguso mmoja, au waya umelegea kwenye terminali, na ovalodi, kifaa cha kukata umeme mota ikizidiwa, nayo mtu aliipandisha juu kuliko ampea zilizoandikwa kwenye kibao cha mota ndio maana haikukata. Ukiisuka mota ukairudisha kwenye paneli ileile umeirudisha ikaungue tena, na hela ya kusuka unalipa mara ya pili. Ndio maana siku hizi mota yoyote inayoenda Ngamiani fundi wa kule anaombwa kitu kimoja, apige picha pande zote mbili za stata kabla hajakata waya, atume WhatsApp, ile picha inapandishwa kwenye oda ya kazi. Haigharimu chochote na inakwambia uende kufungua paneli au uende kuangalia mzigo.

Shida kubwa ninayoiona ni kwamba watu wanachanganya vitu vitatu kwenye sentensi moja. Kuna kilichoonekana, kuna kilichotokea kwenye chuma au kwenye waya, halafu kuna kwa nini kimetokea. Sistimu nyingi zina nafasi za kutenganisha, tusizisingizie. Hizi programu za kompyuta za matengenezo, Maximo inakupeleka kutoka tatizo kwenda chanzo kwenda suluhisho, SAP ina sehemu iliyoharibika, aina ya uharibifu, chanzo na kazi iliyofanyika, kila kimoja na orodha yake. Wenzetu wa mafuta na gesi wana hadi kiwango chao cha kimataifa cha kukusanya hizi data, ISO 14224, kilitoka mara ya kwanza 1999 na toleo la tatu ni la 2016, na ndani yake namna kitu kilivyofeli, utaratibu wa kufeli na chanzo cha kufeli ni vitu vitatu tofauti kabisa, na vyanzo vimegawanywa kama ni vya usanifu, vya utengenezaji na ufungaji, vya uendeshaji na matengenezo, au vya usimamizi. Kijana wa Tanga unayesubiri ajira za bomba la mafuta ghafi, lile la kilomita 1,443 kutoka Hoima mpaka Chongoleani hapo, soma hiki kitu mapema, hata kama wewe ni fundi wa spana.

Nitoe mfano wa kwetu ueleweke. Kuna shafti ya konveya inayobeba singa mbichi (nyuzi za mkonge) kutoka kwenye korona, mashine inayokamua majani ya mkonge, beringi yake ya upande mmoja ilikuwa inakufa kila baada ya muda mfupi. Nikivuta historia kwenye sistimu naona mstari uleule unajirudia, beringi imekufa, imebadilishwa, beringi imekufa, imebadilishwa, chanzo uchakavu. Fundi wetu mmoja mkubwa kwa umri, wote tunamwita Babu, akaniita karakana. "Mwanangu njoo uone, usiniandikie uchakavu hapa." Alikuwa ameipasua beringi kwa grenda, ringi ya nje ameilaza juu ya gunia, grisi imekuwa ya kijivu kama majivu yaliyomwagiwa maji na ndani yake singa fupifupi. Akanionyesha shafti, nyuma ya sili, kile kizuizi cha maji na uchafu, singa zimejisokota zikakazana mpaka zimekuwa ngumu kama ubao, ndizo zilizosaga mdomo wa sili, sili ikaachia, maji ya korona yakaingia. "Hii haijazeeka, hii imekula singa." Nikamuuliza singa zinafikaje hapo, akasema Shikilia taa, akanionyesha matundu mawili ya bolti kwenye fremu yaliyo matupu. Palikuwa na kikinga cha bati pale, kilitolewa kwenye ukarabati fulani, hakikurudi.

Kwa hiyo kilichoonekana ni beringi kupata moto na kelele. Kilichotokea ni sili kuliwa na uchafu kuingia. Chanzo ni kikinga kutorudishwa baada ya matengenezo. Ukiandika vile vitatu kila mmoja mahali pake, dawa yake inajulikana bila kikao, bati na bolti mbili na mtu wa kukata singa kwenye shafti kila mwisho wa shifti. Ukiandika uchakavu dawa yake ni kununua beringi maisha yako yote.

Na kuhusu huo uchakavu, kuna ripoti ya 1978 ya Nowlan na Heap wa shirika la ndege la United kule Marekani, walichunguza vifaa vya ndege wakakuta vinavyofeli kwa kufuata umri ni kama asilimia 11 tu, vilivyobaki asilimia 89 havikuonyesha kwamba kuzeeka ndiko kunavimaliza, na vingi vilifeli vikiwa vipya au muda mfupi baada ya kuguswa na fundi. Ndege sio korona najua, visu vya ngoma ya korona vinaisha kweli na mikanda inaisha kweli, vile viandike uchakavu kwa amani. Lakini beringi iliyotakiwa kukaa miaka ikafa kwa miezi, hiyo umri wake haujafika, kuna kitu kimeiua.

Kitu kingine, watu wanarekodi mashine iliyosimama tu. Korona inaweza kuwa inazunguka vizuri, umeme upo, kelele hakuna, lakini singa zinatoka bado zina nyama ya jani kwa sababu nafasi kati ya ngoma na bamba imepanuka. Hiyo imeshafeli, kazi yake ni kukamua na haikamui. Kama haiingii kwenye sistimu, mwisho wa mwezi ripoti inakwambia korona ni nzima na wapanga madaraja ya singa wanalalamika.

Upande wa hizo orodha nina maneno kidogo na wanaozitengeneza. Orodha ya chanzo yenye mistari themanini fundi hasomi, saa nne usiku ana grisi mpaka kwenye viwiko, anagusa ya kwanza anaondoka. Pampu ioneshe vyanzo vya pampu tu, mota vya mota tu, visizidi kumi kila kimoja, "nyingine" ikae chini kabisa na ukiichagua sistimu ikulazimishe uandike kwa maneno yako. Na ziwe kwa Kiswahili jamani. Fundi anayejua kabisa kwamba sili imeliwa na singa unampa orodha ya Kiingereza cha kitabuni unategemea apate wapi. Halafu oda isifungwe kabla chanzo hakijajulikana, iache wazi hata siku mbili, mashine ifanye kazi, kifaa kilichokufa kiwekewe lebo ya namba ya oda kikae kwenye rafu mpaka kiangaliwe kwa mwanga wa mchana. Kwetu vyuma chakavu vinaondoka haraka sana, na ushahidi unaondoka navyo.

Halafu tofautisha mahali na chombo. Mota iliyosukwa leo ya konveya kesho inafungwa kwenye brashi, mashine ya kusugua singa kavu, ukirekodi kwa jina la "mota ya konveya" historia yake inabaki nyuma. Piga namba kwenye bodi la mota, maana vibao vingine vya zamani vimefutika kabisa na chumvi ya huku pwani, historia ya namba itembee na mota, historia ya mahali ibaki mahali. Kama mota tofauti zinaungua sehemu moja, paneli ndiyo ya kuangaliwa. Kama mota ileile inaungua kila inakopelekwa, ni mota.

La mwisho na ndilo gumu zaidi. Siku chanzo kikiandikwa "uzembe wa fundi" na huyo fundi akapewa barua, kuanzia kesho yake hutapata chanzo cha kweli tena, utapata uchakavu mtupu. Nimeliona hili sehemu niliyowahi kufanya kazi, ripoti zilikuwa safi na mashine zinakufa kila wiki. Kikinga hakikurudishwa, andika hivyohivyo, halafu uliza kwa nini oda ya ule ukarabati haikuwa na mstari wa kuhakiki vikinga vimerudi, nani alikuwa anaharakisha mashine iwashwe, bolti zilikuwepo stoo au hazikuwepo. Huko ndiko kuna cha kurekebisha.

Nimeshamaliza orodha ya vyanzo vya korona na ya konveya, ya brashi naisumbukia bado kwa sababu vumbi linaingia kila mahali na sijapata namna nzuri ya kuligawa. Kama uko kwenye mkonge, Muheza, Korogwe, popote, na mna orodha yenu ya Kiswahili inayofanya kazi, niandikie tulinganishe.