Tepu ilikuwa yangu

Mwezi wa Aprili, Tukuyu mvua hainyeshi tu, inahamia. Mwaka 2011 nilikuwa fundi msaidizi kwenye redio moja ndogo huko: transmita, yaani mtambo wa kurusha matangazo, ya wati 1,000, mnara wa mita 45, kilima kilichozungukwa na chai na migomba. Asubuhi moja simu zikaanza kuingia. Redio inakoroma, redio inapotea. Na saa saba mchana kulikuwa na matangazo ya vifo. Ukiwakosesha watu tangazo la msiba Rungwe, wilaya yetu, watakutafuta hadi nyumbani.

Transmita ilikuwa imejishusha yenyewe hadi wati 200, na zaidi ya 50 kati ya hizo zilikuwa zinapanda mnarani na kurudi badala ya kwenda hewani. Meneja alishahukumu: mashine imekufa, ipelekwe Dar. Mzee, fundi wetu mkuu, hakubishana naye. Alifungua fida, ile kebo nene ya shaba inayokwenda kwenye antena, akaunganisha mzigo bandia mahali pake, kifaa cha kupimia kinachomeza nguvu yote badala ya antena, akawasha. Wati 1,000 zikasimama, hakuna kinachorudi.

"Mgonjwa yuko juu," akasema.

Kabla hatujapanda alizima, akang'oa fyuzi, akazitia mfuko wa shati na kufunga kifungo. "Atakayetaka kuwasha atanifuata huko huko." Nimeona kufuli nyingi tangu siku ile, ila hakuna niliyoiamini kama mfuko ule.

Tulipanda mvua ikiwa imepumzika, vyuma baridi hadi vidole vinauma. Kila penye kibano Mzee alisimama, akaipapasa kebo kama anayetafuta jipu, kuona kama imebonyea au imeunguzwa na radi. Mimi nilikuwa naiombea radi, maana radi haina wa kulaumiwa. Hakuna kitu. Tukafika juu kabisa, fida inapoungana na antena. Mzee akaiangalia ile tepu nyeusi kwa muda.

"Nani alifunga hii?"

"Mimi, Mzee."

Nilikuwa nimeifunga miaka miwili nyuma, jioni, giza linanikimbiza. Nilianzia juu nikashuka, kwa hiyo kila mzunguko ulikuwa umeacha ukingo unaotazama mbinguni. Vikombe vidogo vidogo, misimu miwili ya mvua.

"Umewahi kuezeka nyumba?"

"Ndiyo."

"Bati la kwanza unaliweka wapi?"

"Chini, Mzee."

Hakuongeza neno.

Nilichana tepu kwa kisu. Konekta ilipofunguka maji yalimwagika, kama kijiko kizima, ya kijani, yakanishukia kiganjani. Pini ya kati ilikuwa nyeusi na harufu yake ni ya kitu kilichoungua polepole. Tukakata kebo kwa msumeno wa chuma, mdomo wake tukiuelekeza chini ili unga wa shaba udondoke nje. Chembe moja ikibaki ndani, inatosha kukuunguzia kazi yote upya. Kipande cha kwanza: povu la ndani, lile linalotenganisha shaba ya kati na ya nje, bado la kahawia. Tukakata tena, kama nusu mita jumla, mpaka povu likawa jeupe na shaba ikang'aa. Bahati nzuri aliyefunga fida hapo mwanzo alikuwa ameacha ziada. Huyo alikuwa fundi.

Konekta mpya ilikaa bila shida. Kufunga tepu Mzee aliniachia mimi: kwanza ile ya mpira inayogandana yenyewe, kisha ya plastiki juu yake, zote nikianzia chini kupanda. Alinitazama bila kupepesa.

Saa sita na nusu alirudisha fyuzi. Wati 1,000 zinakwenda, 4 zinarudi. Vifo vikasomwa kwa wakati wake.

Meneja akauliza tatizo lilikuwa nini. "Maji," Mzee akajibu.

"Yaliingilia wapi?"

"Ah, bosi. Mvua ya Tukuyu unaijua."

Sikulala vizuri usiku ule. Kesho yake nilikuta mezani kwangu kipande cha mpini wa ufagio kilichoviringishwa karatasi kavu, pamoja na roli la tepu. Nilifunga. Mzee akakisimamisha kwenye ndoo, akakimwagia maji jagi zima, akachana na kuitazama karatasi. Akanipa karatasi nyingine.

Siku ya nne ilitoka kavu.