Mama na miaka ya Iowa

Mama alipokuja kunitembelea kutoka Sumbawanga, wiki ya tatu nilikuwa sina tena pa kumpeleka. Maduka makubwa yalishamchosha. "Watu wote hawa, hakuna anayemsalimia mwenzake," alisema. Basi Jumamosi moja nikampakia kwenye gari pamoja na mjukuu wake, tukaenda Urbandale, jirani tu na hapa Des Moines, jimboni Iowa, Marekani, kwenye Living History Farms.

Ni makumbusho, ila usitegemee kabati za vioo. Ni ardhi ya ekari 500 hivi. Profesa mmoja wa uchumi wa kilimo, William Murray, ndiye aliyepaanzisha mwaka 1970. Watu wamevaa nguo za kale, wanalima, wanapika na kulisha mifugo kama zamani. Unapanda tela linalovutwa na trekta, linakushusha kwenye mwaka: 1700, 1850, au 1900.

Shamba la 1700 ni la Waioway, kabila ambalo jimbo la Iowa limechukua jina lake. Nyumba zao za magome Mama alizipita tu. Kilichomsimamisha ni shamba lenyewe: mahindi juu ya vilima vidogo vya udongo, maharage yamejizungusha kwenye mabua, maboga yametambaa chini. Na wakulima, tukaambiwa, walikuwa wanawake.

"Hii si ntumba hii?" Mama akauliza.

Sisi Wafipa tuliozaliwa juzi ntumba tunaisikia kwenye masimulizi zaidi: unapindua majani pamoja na udongo unafanya kilima, majani yanaozea humo humo yanakuwa mbolea. Mama aliilima kwa jembe la mkono tangu usichana. Bwana shamba ndiye aliyemwambia aache kuchanganya mazao, apande kwa mistari. "Kumbe ningekaza, leo watu wangenilipa kiingilio," akacheka. Halafu akageuka. "Na wenyewe wako wapi?"

Nikamweleza kwamba mikataba ya karne ya 19 iliwatoa kwenye ardhi yao, wakasukumwa hadi mpakani mwa Kansas na Nebraska, wengine Oklahoma. Mama hakusema kitu. Alikaa kimya hadi mwanangu akamvuta mkono wakaone ng'ombe.

Kwenye 1850 kuna nyumba ya magogo na jozi ya maksai. Hapo Mama aliingia kama fundi aliyeitwa kukagua. Akataka kujua majina yao, umri wao, nani anafundishwa kwanza kuvaa nira. Mimi kutafsiri tu hadi koo likakauka. "Huu si mwaka 1850," akaniambia kwa Kifipa, kana kwamba yule kijana anayewatunza maksai angesikia. "Huu ni mwaka juzi, kwa mjomba wako." Ni kweli kabisa. Ada yangu ya kidato cha nne ilitoka kwenye plau ya mjomba.

Mwaka 1900 ndio uliomshinda. Farasi! Wakubwa, miguu minene kama vinu, wanafanya kazi zote za shamba. Kwetu tunatoka kwa maksai tunaruka hadi pawatila. Hapo katikati hatukupita. Aliposikia kwamba farasi nao wanapewa nafaka, akashangaa: "Sasa si anakula anacholima?"

Pale kulikuwa na kifaa cha kumenyea mahindi, ngozi unayofunga kiganjani yenye chuma kilichochongoka. Mama akakivaa mara moja. Sisi tunatumia kijiti, kazi ni ile ile. Watoto walikuwa wanazungusha mashine ya kupukuchulia kwa mkono. Yeye akaokota gunzi, akasugua hindi juu yake, punje zikamiminika. Watoto wakaiacha mashine wakamzunguka. "Ya njano haya," akasema akiziangalia. "Unga wa Yanga." Ule wa miaka ya njaa, uliotoka Marekani, tuliokula tukinung'unika. Nilipomwambia kwamba sehemu kubwa ya mahindi ya Iowa huishia kwa mifugo na kwenye mafuta ya magari, akasema hashangai.

Wakati wa kutoka nikamtajia, kama jambo la kupita tu, kwamba Papa Yohane Paulo wa Pili aliadhimisha misa kwenye uwanja ule tarehe 4 Oktoba 1979, mbele ya watu zaidi ya 300,000. Aliyemwalika ni mkulima wa kawaida, Joe Hays, aliyemwandikia barua.

Mama akasimama. "Papa? Hapa? Na wewe umenianzishia na ng'ombe?"

Papa alipokuja Tanzania mwaka 1990, Mama hakumwona. Basi tukarudi hadi kwenye kikanisa kilichopo hapo, akatoa rozari kwenye mkoba, nami nikawa naangalia saa maana walikuwa karibu kufunga. Kwenye gari akaniomba simu. Akawatumia wenzake wa jumuiya ujumbe wa sauti wa dakika saba: Papa, uwanja, barua ya mkulima. Maksai aliwataja mwishoni kabisa, kwamba huku nako wapo, ila wamenona.