Propela nilinunua mapema, sasa ni pambo la ukutani

Wenzangu mnaojenga ndege nyumbani, propela usikimbilie kununua. Najua inavyokuwa, mwili bado mifupa mitupu, mabawa yako kwenye michoro, basi ukipata propela ya mbao inang'aa vanishi unaona kabisa mradi umeiva, na mimi nikaingia hapo hapo, nikachukua ya inchi 60 kwa 54 wakati ndege hata matairi haina.

Sasa zile namba. 60 ni kipenyo, 54 ni pitchi, yaani ingekuwa inajichimbia kama skrubu kwenye mbao basi kila mzunguko ingesogea inchi 54. Zote mbili zinatoka kwa injini na spidi ya ndege. Mimi hesabu yangu ilikuwa injini ya Volkswagen, ile inazungusha propela moja kwa moja bila gia, kama mizunguko 3,400 kwa dakika. Miaka miwili mbele nikapata injini nyingine, Rotax 912 ya mkononi, safi, bei ya kuongea, ningeiachaje? Rotax ina gia, injini iko 5,500 lakini propela inapata 2,300 au 2,400 hivi, kwa hiyo inataka propela nyingine kabisa, matundu ya bolti hayalingani, na kibaya zaidi hata upande wa kuzunguka ni kinyume. Hapo hakuna cha kuchonga wala kurekebisha, nilibaki nacheka mwenyewe gereji.

Na muda wote huo nilikuwa nimeiegemeza konani, kosa lingine, mbao inavuta unyevu na unyevu unahamia chini. Kuipima usawa, nikapitisha chuma kwenye tundu la katikati, nikakilaza juu ya kingo za visu viwili, panga lile lile, yaani upande ule ule wa propela, likashuka. Nikaigeuza, likashuka tena. Ya mbao ilaze, usiisimamishe.

Cha kufanya mapema ni kujua kipenyo tu, sababu kinaamua urefu wa miguu ya magurudumu. Sheria za Marekani kwa ndege za kiwandani zilitaka angalau inchi 7 kati ya ncha ya propela na ardhi kwa yenye gurudumu la pua, 9 kwa yenye gurudumu la mkia, na sisi tusiobanwa nazo si vibaya kuzifuata. Kata propela ya bandia ya plaiwudi, weka na kipande chenye unene wa kitovu, boneti utaichonga kwa hiyo. Uzito wa propela yenyewe andika kwenye hesabu ya mizani, ile ya kuona ndege inaelemea wapi, maana kilo chache puani zinavuta sana.

Kuagiza subiri injini ikae kwenye fremu yake na ndege uwe umeipima kweli, halafu muulize fundi wa propela foleni yake ni miezi mingapi, uhesabu kurudi nyuma kutoka siku unayoihitaji. Akikuuliza spidi mwambie ukweli bwana, sio ile unayowatambia watu, maana ukimwambia kubwa atakupa pitchi kali na siku ya kuruka injini itashindwa kufika mizunguko yake, utamaliza njia yote ya kurukia unaomba Mungu. Zile za kurekebisha pembe chini kwa spana zina msamaha kidogo, ukikosea unalegeza unageuza.

Yangu mpya nimeagiza wiki jana. Kwa sasa puani iko ya plaiwudi, watoto wanaizungusha kutwa nzima.