Kadi Tisa Zenye Fremu ya Mbao

Mwaka 1992 mjomba wangu, ambaye wakati huo alikuwa akiishi New Jersey, alituandikia barua nyumbani kwetu Magomeni, na ndani ya bahasha alitia kadi sita za wachezaji wa besiboli, zile za kukusanywa zenye picha ya mchezaji mbele na takwimu zake mgongoni. Mchezo wenyewe hatukuujua, na katika majina yale sita hatukuwahi kusikia hata moja, lakini mimi na kaka yangu tulizishika kadi zile mpaka pembe zake zikalainika. Kilichotushangaza zaidi ni fremu: kila picha ilizungukwa na kitu kilichofanana kabisa na ubao uliopigwa randa, chenye mistari ya mti, na tulibishana siku nzima kama ule ulikuwa mti halisi uliochongwa ukawa mwembamba au ulikuwa wino tu.

Ulikuwa wino. Zilikuwa kadi za kampuni ya Topps za mwaka 1987, seti ya kadi 792 iliyochapishwa kwa wingi mno hata leo nyingi kati ya hizo hazifikii bei ya soda. Miaka mingi baadaye, nilipokuwa tayari nafanya kazi ya usanifu wa picha, niligundua jambo lililonifanya nizitazame upya: fremu ile ya mbao haikubuniwa mwaka 1987. Topps waliwahi kuitumia mwaka 1962, kisha wakairudia baada ya miaka 25, kwa hiyo mtoto wa Marekani aliyefungua pakiti yake mwaka 1987 alikuwa ameshika mkononi kumbukumbu ya baba yake bila kujua.

Mwaka huohuo wa 1987 ilitoka mashine ya E-mu SP-1200, ambayo watayarishaji wengi wa hip hop wa New York waliitumia kunasa vipande vya santuri za zamani na kuvijengea midundo mipya. Mashine hiyo ilikuwa na nafasi ya sekunde 10 hivi tu za sauti. Ili kuokoa nafasi, watayarishaji waliicheza santuri ya mizunguko 33 kwa dakika kwa kasi ya mizunguko 45, wakainasa ikiwa imekazwa, halafu wakaipunguza kasi ndani ya mashine, na sauti ikatoka na ukwaruzo na uzito ambao santuri yenyewe haikuwa nao. Ukwaruzo ule uliotokana na ufinyu wa mashine ndio masikio yetu yanaoutambua mpaka leo kuwa sauti ya zama zile. Nilipoyaweka mambo haya mawili pamoja, nilielewa kwa nini kadi nyingi za kumbukumbu zinazobuniwa sasa hazinigusi: zinachukua picha ya mtu wa zamani na kuiweka katika uchapaji safi wa leo, ilhali kinachotukumbusha enzi ni mipaka ya mitambo iliyoitengeneza.

Hivyo nilianza kubuni seti yangu ya kadi tisa, kwa kuwa ukurasa wa plastiki wa albamu ya wakusanyaji una mifuko tisa, nikachanganya hip hop na mpira wa kikapu ndani ya fremu ya mbao niliyoichora mwenyewe kwa penseli kutokana na mlango wa mninga wa chumba changu. Picha zote nimezichora kwa mkono, nembo za timu nimeziacha na mahali pake nimeweka alama zangu, na kadi haziuzwi. Sura ya mtu na nembo ya klabu vina wenyewe, na heshima hiyo ninaiona kuwa sehemu ya kazi.

Uchapaji ulinichukua miezi. Kadi ya kawaida ina upana wa milimita 64 na urefu wa milimita 89, na ni lazima rangi ivuke mstari wa kukatia kwa milimita tatu kila upande, la sivyo kisu kikiyumba kidogo unabaki na utepe mweupe. Mahali nilipochapia mara ya kwanza walizipaka plastiki ya kung'aa pande zote mbili, na mbao yangu ikageuka kuwa kama picha ya kalenda. Mara ya pili niliomba kadibodi ngumu yenye mgongo wa kijivu usiopakwa kitu chochote, nikazigawanya picha kuwa nukta zinazoonekana kwa jicho la karibu, na bamba la rangi nyekundu nikalisogeza kwa makusudi kwa umbali usiofika nusu milimita, kama lilivyokuwa likisogea lenyewe katika mitambo ya zamani. Kadi ya kwanza ilipotoka kaka yangu aliigeuza, akainusa, akaniambia, "Hii sasa ni ya mjomba."

Hata hivyo, roho ya kadi iko mgongoni. Sisi tulijifunzia Kiingereza na desimali kwenye migongo ya zile sita, tukisoma takwimu za msimu baada ya msimu. Kwa wachezaji kazi ni nyepesi: Dikembe Mutombo wa Kinshasa ana mipira 3,289 aliyoizuia katika NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, na tarakimu hiyo peke yake yatosha kujaza nafasi. Hasheem Thabeet, Mtanzania wa kwanza kuingia ligi hiyo, alichaguliwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya mwaka 2009, na timu ya Memphis Grizzlies. Kwa kuwa ana urefu wa mita 2.21, nilimwacha mkono wake upasue fremu ya juu na kufika ukingoni. Shaquille O'Neal anastahili safu mbili, moja ya vikapu na moja ya muziki, kwa sababu albamu yake ya mwaka 1993 iliuza zaidi ya nakala milioni moja.

Lakini mgongoni mwa DJ Kool Herc, anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa hip hop, utaweka hesabu gani? Nilihangaika na swali hilo mpaka nilipokumbuka kwamba sherehe ya tarehe 11 Agosti 1973, katika jengo namba 1520 la Sedgwick Avenue huko Bronx, ilitangazwa kwa kadi. Dada yake, Cindy Campbell, ndiye aliyeiandaa ili apate fedha za nguo za shule, na mialiko iliandikwa kwa mkono kwenye kadi ndogo za mistari: wanawake senti 25, wanaume senti 50. Basi mgongo wa kadi ya Herc nimeuchora kama kadi ya mistari, na takwimu zake ni viingilio hivyo viwili. Kwa Saleh J, mmoja wa waliotangulia kutoa rapu ya Kiswahili, mwaka 1991, nimechora kaseti yenye mwaka huo juu ya lebo, bila neno lingine.

Kadi ya tisa ni orodha. Kila seti ya zamani ilikuwa na kadi ya orodha yenye visanduku vya kutia alama, na wakusanyaji hutafuta ile ambayo haijaguswa na kalamu. Seti mbili za kwanza niliwapa watoto wawili wa kaka yangu, nikiwa nimezichanganya kwa makusudi, mmoja akapata Mutombo wawili na mwenzake akakosa. Yule mdogo aliyekosa alichukua kalamu ya wino palepale, akatia alama kwenye visanduku vyote isipokuwa kimoja, kisha akaenda barazani kumwuliza kaka yake anataka nini ili amwachie Mutombo.